Dawa Iko, Gari la Kuifikisha Ndilo Bado

Tuanze na bei. Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba inayotumia makasi ya jeni, yale yanayoitwa CRISPR. Tiba yenyewe inaitwa Casgevy, na mojawapo ya magonjwa inayotibu ni sikoseli (selimundu, kwa wale wa Kiswahili cha vitabuni). Desemba Marekani nayo ikakubali. Bei huko Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa pesa zetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 280. Hapa Masimba unanunua soko lote siku ya soko, na ng'ombe walioletwa kuuzwa, na bado unadai chenji.

Nikitaja hiyo bei watu husema kampuni za dawa ni wezi. Sipingi sana. Lakini ukiangalia jinsi hiyo tiba inavyofanywa, unagundua kuna stori nyingine chini yake. Makasi yenyewe si sehemu ngumu tena. Sehemu ngumu ni kuyafikisha. Seli zinazotakiwa kurekebishwa ziko ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mfupa ambako damu hutengenezwa. Hakuna gari la kupeleka makasi huko moja kwa moja, kwa hivyo wanafanya kinyume. Wanamtoa mgonjwa seli zake, wanazipeleka kiwandani, wanazipiga shoti ya umeme zifungue milango, wanaingiza makasi. Miezi kadhaa baadaye mgonjwa anapewa kemo kali ya kufuta uboho uliobaki, ndiyo arudishiwe seli zake zilizorekebishwa. Analazwa wiki kadhaa. Na hiyo kemo inaweza kumnyima uwezo wa kupata watoto.

Yaani ni kama umeita fundi arekebishe bomba la jikoni, na kwa sababu hakuna barabara ya kufika kwenu, mnang'oa jikoni nzima, mnaibeba mpaka Nairobi, inatengenezwa, na kabla ya kuirudisha mnabomoa nyumba iliyobaki.

Mtu wa Masimba anaelewa shida ya usafirishaji kuliko maprofesa wengi. Ukituma mzigo kwa matatu kutoka Nairobi na ukaandika "Kisii" peke yake, utaishia steji ya Kisii mjini, na huko utakaa. Lazima uandike jina, namba ya simu, "ushushwe Keroka", halafu boda amalizie. Sufuria ni ile ile. Kinachoamua kama mamako ataipikia leo jioni ni anwani na gari.

Sasa, mwili wako una huduma ya vifurushi ya aina hiyo, na umekuwa nayo tangu kabla uzaliwe. Seli zako zinatoa vifuko vidogo vya mafuta, vimefungwa kama mandazi yaliyojazwa nyama, vikielea kwenye damu, mate, mkojo, hata maziwa ya mama. Vile vidogo kabisa huitwa eksosomu, na vina upana wa kama nanomita 30 hadi 150. Unywele wako mmoja ni mpana kuliko kifuko kimoja mara mia kadhaa. Ndani kuna protini na vipande vya RNA, zile jumbe za jeni. Kwa miaka mingi wanasayansi waliviona na wakasema ni takataka.

Kabla tufike huko, nieleze kwa nini nimeshikwa na hii mada.

Sekondari nilikaa dawati moja na kijana wa huko chini, upande wa ziwa. Mrefu, mkali wa hesabu, mdomo mchafu. Kila baridi ya Julai ikiingia alikuwa anajikunja kitandani kama jongoo, anasema mifupa inachomwa. Baridi huamsha maumivu ya sikoseli, na shule yetu ilikuwa mlimani, kwa hivyo unaweza kufikiria. Mwalimu wa zamu (shule haina haja ya jina) alikuwa anasema anajifanya mgonjwa akwepe mbio za asubuhi. Siku moja alimwagiliwa maji akiwa kitandani. Tulikuwa watoto, tulinyamaza. Mimi sikuwa najua hata maana ya SS kwenye kadi yake ya hospitali.

Nilipompelekea bei ya Casgevy kwenye WhatsApp, alinijibu kwa voisi: "Buda, waulize kama wanakubali nilipe mdogo mdogo."

Alicheka. Mimi sikucheka, nikaanza kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokata, lakini intaneti haina mlinzi wa kuangalia kitambulisho cha mwanafunzi.

Kwa ufupi sana: ndani ya seli nyekundu kuna hemoglobini, protini inayobeba hewa ya oksijeni. Ukirithi jeni yenye kosa la herufi moja tu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, hemoglobini yako inagandamana, seli inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo. Hiyo ni SS. Ukirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu, wewe ni AS, na kwa kawaida unaishi vizuri. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walionyesha kwamba shida iko kwenye hemoglobini yenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kufuatiliwa mpaka kwenye molekuli moja.

Mwaka huo huo, kijana wa miaka kama 24 hivi alikuwa anazunguka Kenya akitoa watu damu. Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya, kwa shamba la wazazi wake upande wa Gilgil, na sasa alikuwa mwanafunzi wa udaktari Oxford. Alikuja na msafara wa chuo uliokuwa unaenda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu. Akaona kitu cha ajabu: karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na hiyo jeni. Ukipanda nyanda za juu karibu na Nairobi, hakuna, au chini ya mmoja kwa mia. Kwani jeni inayoua watoto inafanya nini kwa wingi hivyo mahali pamoja na si pengine?

Jibu ni mbu. Pwani na ziwani kuna malaria, milimani kuna baridi. Allison akawazia kwamba AS inakinga. Alirudi Afrika Mashariki 1953, akapima watoto 290 wa Buganda. Kati ya 43 wenye AS, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Halafu akafanya kile ambacho leo kamati yoyote ya maadili ingekifungia mlango: akachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye AS na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Wasio na AS, 14 kati ya 15 walipata malaria. Wenye AS, ni 2 tu. Makala ikatoka 1954 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, na mpaka leo ukifungua kitabu chochote cha elimu ya jeni duniani, utakuta huo mfano.

Kitabu nilichosomea mimi hakikuwa na neno moja kuhusu wale wanaume 30. Kilisema tu "imegunduliwa kwamba". Imegunduliwa na nani, kwa mwili wa nani? Weka hiyo pembeni, tutairudia kwa mlango mwingine.

Turudi kwa vifuko. Mwaka 1946 Erwin Chargaff na Randolph West huko New York walizungusha plazma ya damu kwa mashine ya kasi kubwa sana, wakaona kuna kitu kinatuama chini, na plazma iliyobaki juu inachelewa kuganda. Kitu gani? Hawakukifuatilia mbali. Mwaka 1967 Peter Wolf akakipiga picha kwa hadubini ya elektroni na kukiita vumbi la zile chembe zinazogandisha damu. Vumbi! Ukishaita kitu vumbi, nani atakupa pesa za kukichunguza?

Halafu anaingia mama ninayempenda kwenye hii stori nzima. Rose Johnstone alizaliwa Poland 1928, akapelekwa Kanada akiwa mtoto, akaishia kuwa profesa wa baiokemia Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Yeye hakuwa anatafuta vifuko. Alikuwa anauliza swali dogo la kuchosha: seli nyekundu changa ina vipokezi vya kudaka madini ya chuma, ikikomaa havipo. Vinaenda wapi? Yeye na Bin-Tao Pan wakachukua damu ya kondoo na kufuatilia. Mwaka 1983 wakaonyesha kwamba seli changa inavipakia hivyo vipokezi kwenye vifuko vidogo na kuvitupa nje. Mwaka huo huo kundi la Philip Stahl huko St. Louis, Marekani, likaona jambo lile lile kwa seli za panya. Mwaka 1987 Johnstone na wenzake wakaanza kutumia jina eksosomu.

Fikiria siku ya kumaliza Kidato cha Nne. Unagawa ndoo, unaacha godoro, sanduku la bati unalitupa, unatoka mwepesi. Hivyo ndivyo kila mtu alivyoelewa ugunduzi wa Johnstone: seli inakomaa, inatupa vyombo vya shule. Kwa zaidi ya miaka kumi watu wachache sana walijishughulisha na jambo hilo. Johnstone alifariki 2009, kwa hivyo aliuona mwanzo wa moto lakini si moto wenyewe.

Moto uliwashwa kwa vipande. Mwaka 1996 Graça Raposo na wenzake walionyesha kwamba vifuko kutoka kwa seli za kinga vinaweza kuamsha seli nyingine za kinga. Kumbe vina kazi. Halafu 2007, Gothenburg huko Sweden, kundi la Jan Lötvall likachukua vifuko vya seli za panya na kuvipa seli za binadamu. Baadaye wakakuta protini za panya zimetengenezwa ndani ya seli za binadamu. Rudia kusoma hiyo sentensi. Ina maana ndani ya kifuko kulikuwa na ujumbe wa jeni, ukafika, ukafunguliwa, ukasomwa, na kazi ikafanywa. Lile sanduku la bati lilikuwa kifurushi kilichofungwa vizuri muda wote huo.

Na hapa ndipo naomba uache kuskroli.

Mwaka 2013 makundi mawili, moja Melbourne, Australia, lingine Harvard, yalitoa makala kuhusu vimelea vya malaria. Kundi la Melbourne, Neta Regev-Rudzki akiwa mwandishi wa kwanza, lilifanya jaribio ambalo ni tamu kama mchezo wa polisi na mwizi. Walichukua vimelea vya aina mbili. Kimoja kilikuwa na jeni ya kuhimili dawa ya kwanza, kingine jeni ya kuhimili dawa ya pili. Wakaviweka pamoja na kumwaga dawa zote mbili. Kwa hesabu ya kawaida vyote vilitakiwa kufa. Havikufa. Vilikuwa vinapasiana jeni kwa vifuko, seli nyekundu moja hadi nyingine, kama wanafunzi wanavyopasiana majibu chini ya dawati. Na makundi yote mawili yakaona pia kwamba hivyo vifuko vinaamsha vimelea vibadilike viwe ile hali ya uzazi inayosubiri kunyonywa na mbu. Yaani vinapeana taarifa: hapa kumekuwa kubaya, tafuteni usafiri.

Sasa kaa nayo kidogo. Mwanadamu ameita kitu vumbi, akakiita taka, akaja kugundua ni njia ya kupeleka jeni. Wakati huo kimelea kisicho na ubongo kilikuwa kinaitumia ndani ya seli ile ile nyekundu ambamo Johnstone alikuwa amechungulia.

Sisi wa Gusii hatuwezi kusoma hii kama wageni. Magokoro wangu anasema zamani malaria ilikuwa kitu cha watu wa chini, ukishuka ziwani ndiyo unaileta. Lakini miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili ilipanda mlima. Mwaka 2002 Kisii na Gucha zilikuwa kati ya wilaya za nyanda za juu zilizopigwa na mlipuko, pamoja na Kericho na Nandi. Na ikipanda mlimani ni mbaya zaidi, kwa sababu miili ya watu wa huku haijaizoea, kwa hivyo inaangusha watu wazima pamoja na watoto. Wengi wetu milimani hatuna hata ile kinga ya AS ambayo Allison aliipata kwa majirani wetu wa ziwani. Wao walilipia hiyo kinga kwa watoto wa SS. Ndiyo maana mimi hucheka kwa uchungu mtu akiniambia sikoseli ni ugonjwa wa kabila fulani. Ni risiti ya malaria, na anayeishika si yule aliyenunua.

Basi kama malaria inaweza kutuma jeni kwa kifuko, kwa nini sisi tusitume dawa?

Hilo swali wenzetu walishaanza kulijibu. Mwaka 2011 kundi la Matthew Wood huko Oxford (ndiyo, tena Oxford) lilichukua vifuko vya seli za panya na kuvibandika anwani. Ubongo umefungiwa kwa ukuta mkali sana, dawa nyingi haziupiti. Lakini kuna kitu kinachojua njia ya kufika kwenye mishipa ya fahamu: kirusi cha kichaa cha mbwa. Wakakata kipande kidogo tu cha protini ya hicho kirusi, kile kipande kinachofanya kazi ya kubisha hodi, wakakiweka kwenye ngozi ya vifuko. Ndani wakapakia vipande vya RNA vya kuzima jeni fulani inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Wakadunga panya mshipani, na ile jeni ikapungua nguvu ubongoni. Jina, namba ya simu, "ushushwe Keroka". Mzigo ukafika.

Hapo watu wakapagawa, na pesa zikaanza kumwagika. Lakini shida za gari hazikuisha. Kwanza, vifuko vingi ukividunga mshipani huishia kwenye ini na bandama, hata kama ulivibandika anwani. Ini ndilo steji ya Kisii mjini: kila kitu kinashuka hapo. Hii shida haiko kwa vifuko vya seli tu, hata vile vya kutengenezwa kwa mafuta maabara, vilivyobeba chanjo ya mRNA ya Korona, ukividunga mshipani hupenda ini. Ndiyo sababu tiba za kwanza za kudunga makasi ya jeni mshipani zililenga ini. Mwaka 2025 Philadelphia walitengeneza tiba ya mtoto mchanga mmoja, ya kosa lake yeye peke yake, na ilifaulu kwa sababu kosa lilikuwa ini. Kwa sikoseli unataka gari lipite Kisii mjini bila kusimama na lifike ndani ya mfupa.

Pili, ni kutengeneza vingi vinavyofanana. Seli haziko kiwandani na sare. Leo zinatoa vifuko hivi, kesho vile. Na kupakia dawa ndani bila kuvipasua ni kazi. Kampuni moja ya Marekani, Codiak BioSciences, ilianzishwa 2015 kwa ajili ya vifuko hivi hasa, ikaingia soko la hisa 2020, na Machi 2023 ikaomba kufilisiwa. Wale mlioanza kufikiria kuwekeza, tulieni.

Na kwa vile nimetaja pesa: ukiona tangazo la krimu au sindano ya "eksosomu" ya kung'arisha uso au kuotesha nywele, shika simu yako vizuri. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bidhaa za aina hiyo baada ya wagonjwa huko Nebraska kupata madhara makubwa, na ikasema hakuna hata moja iliyokuwa imeidhinishwa. Neno la sayansi likishakuwa tamu, linauzwa kabla ya sayansi yenyewe kuiva.

Lakini kuna jaribio moja linalonifanya nisikate tamaa, na linahusu damu. Mwaka 2018 kundi la Minh Le huko Hong Kong lilijiuliza: badala ya kufuga seli kwa gharama kubwa, kwa nini tusitumie seli nyekundu za damu za kuchangwa? Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini wala DNA yake, kwa hivyo huogopi kwamba kifuko chake kitabeba jeni mbaya kwa bahati mbaya. Damu ya kundi O inaweza kupewa watu wengi. Na kutoka mfuko mmoja wa damu unapata vifuko vingi ajabu. Wakavipakia RNA za dawa na kuvijaribu kwa seli za saratani ya damu na ya matiti, na kwa panya. Wakaonyesha pia kwamba vinaweza kubeba ujumbe wa makasi ya CRISPR.

Si tiba bado. Ni panya na maabara. Lakini angalia malighafi: damu ya kundi O. Hapa kwetu hilo ndilo kundi la watu wengi zaidi. Kwa mara ya kwanza kwenye hii stori, kitu kinachohitajika si kiwanda cha Massachusetts pekee, ni kitu tunachokibeba kwenye mikono tukipanga foleni ya kuchangia damu. Na hapa narudi kwa wale wanaume 30. Damu ya huku ilishatumika mara moja kuandika kitabu cha dunia, na waliotoa hawakupata sura hata moja. Kama vifuko vya seli nyekundu vitakuja kuwa gari la kubeba tiba, mimi nataka mjadala wa nani anatengeneza, wapi, na kwa bei gani uanze sasa, kabla mfuko wa kwanza wa damu haujapanda ndege. Tuna vyuo vinavyofundisha baiokemia, tuna KEMRI, tuna watoto wanaopata A ya biolojia halafu wanaishia kuuza kava za simu.

Ahadi ipo tayari. Oktoba 2019 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, na mfuko wa Bill na Melinda Gates walitangaza kila mmoja angeweka angalau dola milioni 100 kwa miaka minne, kutafuta tiba za jeni za sikoseli na HIV ambazo zingeweza kutolewa hata mahali pasipo na wodi za kifahari. Lengo lilikuwa majaribio kwa wagonjwa, Marekani na Afrika kusini mwa Sahara, ndani ya miaka 7 hadi 10. Hesabu ni rahisi, kati ya 2026 na 2029. Waliposema hayo, walikubali kwa maneno mengine kile ninachokisema: tiba ya kumng'oa mtu uboho haiwezi kufika Siaya. Lazima iwe sindano. Na sindano bila gari la kuipeleka mzigo mfupani ni maji tu. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walifaulu kufikisha mzigo kwenye seli mama za uboho za panya, kwa kutumia vifuko vya mafuta vilivyobandikwa anwani. Gari gani litashinda, lile la kutengenezwa au lile ambalo seli zenyewe hutoa, sijali. Nataka liwe na njia ya huku.

Wakati tunasubiri kuna kidonge. Kinaitwa hydroxyurea, ni cha zamani, kinaufanya mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya utotoni ambayo haipindi. Kwa miaka watu walisema Afrika itakuwa hatari, kwamba kinaweza kuzidisha malaria. Basi ukafanywa utafiti kwa watoto zaidi ya 600 katika sehemu nne: Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, vifo vilipungua, na malaria nayo ilipungua. Huo utafiti ungetakiwa kuwa habari ya saa moja jioni kwa wiki nzima. Mimi niliupata miaka kadhaa baadaye, saa tisa usiku, nikiwa kitandani na bando ya kuazima.

Deskimeti wangu anakitumia sasa. Anasema Julai hii alipita bila kulazwa, na bado mdomo wake ni mchafu.

Kwa hivyo niko na maswali mawili kwenu, na nataka majibu ya kweli, si hisia. Kwenye kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu na kwenu, mtoto mchanga anapimwa sikoseli, ama wanasubiri augue? Na hydroxyurea kwenye duka la dawa la huko kwenu inauzwa pesa ngapi kwa mwezi, kama ipo? Watu wa Kisumu, Homa Bay, Busia, Kilifi, Kisii mjini, Nyamira, andikeni hapa chini na jina la mji tu, msiweke jina la mgonjwa. Nikipata majibu ya kutosha nitayachora kwenye ramani, niiweke kando ya ile ya Allison ya 1949.